Nguo za Kupigia Dawa

Kila Jumatano na kila Jumamosi jioni nilikuwa nafua nguo za mume wangu za kupigia dawa shambani. Suruali ya kaki, shati la mikono mirefu lililochakaa kola, na kofia. Nilizifulia nyuma ya jiko kwenye beseni la bluu, na maji yalikuwa yanageuka manjano kama yametiwa bizari. Nikimaliza nasuuza beseni, naliegemeza ukutani, na kesho yake naoshea mchele humo humo. Nimefanya hivyo miaka sita, na miaka hiyo sita ndiyo niliyokuwa natafuta mtoto. Sikuwahi kuyaunganisha mambo haya mawili.

Tunalima nyanya Ilula, wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, akishapanda mlima Kitonga na kusogea mbele kidogo, atatuona: matenga ya nyanya yamepangwa kando ya lami na vijana wanakimbilia mabasi na ndoo kichwani. Mvua zikiisha tunashuka kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kwa hiyo mwaka mzima kuna nyanya mahali fulani. Nyanya ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo mahari ya mdogo wa mume. Na sote tuliamini kwamba nyanya haizai bila dawa. Ukungu ukishika shamba usiku mmoja wa baridi, kesho kutwa majani yote yamekuwa kama yamemwagiwa maji ya moto.

Halafu akaja kantangaze. Huyu ni nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Nchini alionekana kwanza huko Arusha mwaka 2014, na haukupita muda tukawa naye na sisi. Kiwavi wake anajichimbia ndani ya jani, linabaki na michirizi myeupe kama limechorwa, kisha anatoboa tunda karibu na kikonyo. Mume wangu aliyekuwa anapiga dawa mara mbili kwa wiki, miezi mibaya akaanza kupiga mara tatu. Dawa ya ukungu, dawa ya wadudu na busta ya kukuzia mimea, zote anazichanganya kwenye solo moja, ile pampu ya kubeba mgongoni, na kuzikoroga kwa kijiti. Kijiti kisipoonekana, anakoroga kwa mkono.

Solo lenyewe lilikuwa linavuja. Lita 16 mgongoni, kifuniko kimelegea, na kila akiinama kupita kwenye tuta dawa inamwagika shingoni, inateremka mgongoni, inaishia kwenye mapaja. Alikuwa anarudi nyumbani suruali imelowa nyuma yote. Anakaa nayo hivyo hivyo kibarazani, anakunywa chai, anapumzika, ndipo aivue. Baadaye sana nilijifunza kwamba ngozi ya mwili haipitishi dawa sawasawa kila mahali. Ngozi ya korodani hupitisha mara nyingi zaidi kuliko ya mkono. Watu walishalipima jambo hilo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Sisi hatukuambiwa. Tulichoambiwa kila mara ni kuvaa barakoa, na ile barakoa dukani haikuwepo.

Mwaka wa pili wa ndoa mama mkwe alianza kuniuliza, kwa upole. Mwaka wa tatu wakaja shangazi zake mume wangu, na hao hawakuwa wapole. Kwetu mwanamke aliyechelewa kuzaa, kila anayemsalimia anamwangalia tumbo kwanza. Nimekunywa mizizi ya kila rangi. Nimekandwa tumbo na bibi mmoja kutoka bondeni mpaka nikashindwa kusimama. Nimeombewa. Nimepigwa picha ya mirija, ile ya kupitisha dawa kwenye kizazi, na uchungu wake siwezi kuusahau. Majibu yakarudi kwamba niko sawa, na hata hayo hayakunisaidia, maana walisema basi itakuwa nimefungwa. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja, si ndugu, si mganga, si muuguzi, aliyesema mume naye apimwe. Hata mimi sikusema. Ana nguvu zake, hana ugonjwa, anabeba tenga peke yake. Nani angemwambia mtu wa namna hiyo akapime?

Mwaka 2018 nilikwenda tena hospitali mjini Iringa, na safari hii nikampata daktari mtu mzima ambaye hakugusa kalamu. Alipekua daftari langu kurasa zote, akalifunga, akaniuliza, "Mumeo yuko wapi?" Nikamwambia yuko shamba. Akasema hataniandikia dawa nyingine hata moja mpaka amwone. Akanieleza kwamba karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mke. Nililia kwenye basi mpaka Ilula. Nililia kwa hasira. Nilikuwa namhesabu yule bibi wa kunikanda, nawahesabu shangazi, nahesabu na miaka.

Mume wangu alichukua wiki mbili kukubali. Nataka niseme haki yake: alikubali. Wanaume wengi hawakubali, na ndoa nyingi zimevunjika kwa sababu hiyo moja. Alipimwa mbegu, majibu yakaja milioni 3 kwa mililita moja. Kipimo cha chini cha Shirika la Afya Duniani wakati ule kilikuwa milioni 15. Akapimwa tena baada ya wiki kadhaa, milioni 4, na nyingi zilikuwa haziogelei. Daktari akamuuliza maswali mengi: sigara, pombe, matubwitubwi utotoni, homa kali, operesheni ya ngiri. Kila swali hapana. Kisha akauliza kazi.

"Mkulima."

"Wa nini?"

"Nyanya, dokta."

Daktari akaweka kalamu mezani. Akamuuliza anapiga dawa gani, mara ngapi, anavaa nini. Mume wangu akajibu yote, na mwisho akajitetea kwa maneno ambayo nimeyafikiria sana tangu siku ile: "Lakini dokta, mimi natumia sana zile za kijani."

Anayelima anaelewa. Chini ya kibandiko cha kila dawa kuna mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kabisa, njano inafuata, kisha bluu, halafu kijani. Bwana shamba alitufundisha hivyo, na alitufundisha sawa. Ila mstari ule unapima jambo moja tu: dawa hiyo ikimezwa au ikigusa ngozi, ni kiasi gani kitaua upesi. Hausemi lolote kuhusu dawa inayoingia kidogo kidogo mara mbili kwa wiki kwa miaka, isiumize kichwa, isitapishe, huku inavuruga homoni. Mankozebu, ile dawa ya ukungu ya unga wa manjano iliyokuwa inageuza maji ya beseni langu, iko kwenye kijani. Mwishoni mwa 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea muda wa kutumika huko kwao, na miongoni mwa sababu ni kwamba inavuruga homoni na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwilini hugeuka kuwa kemikali nyingine inayoingilia kazi ya tezi ya shingoni, ile ile inayovimba mtu akawa na rovu. Dukani kwetu niliendelea kuiona imepangwa rafu ya mbele, na mstari wake wa kijani.

Nimejaribu kuwaeleza wenzangu kikundini homoni ni nini, na mfano uliowaingia ni wa mshenga. Ubongo na kizazi haviongei ana kwa ana. Vinatuma mshenga, na mshenga huyo ni homoni, inayotembea ndani ya damu kwa kiasi kidogo sana. Ikifika inapokelewa, inakaa kwenye kiti chake, inasema ujumbe, na kazi inaanza: yai likomae, mbegu zitengenezwe, mimba ishikwe. Sasa kuna kemikali zinazofanana na mshenga. Nyingine zinaingia na kusema maneno ambayo ukoo haukutuma. Nyingine hazisemi kitu, zinakalia kile kiti tu, mshenga wa kweli akifika hana pa kukaa. DDT, ile dawa ya zamani ya kuua wadudu, ikishaingia mwilini hugeuka kuwa kitu cha aina hii ya pili, kinakalia kiti cha homoni ya kiume. Na kwa kuwa mshenga wa kweli anafanya kazi kwa kiasi kidogo, hawa wa bandia nao hawahitaji kuwa wengi. Hapo ndipo lile neno letu la "nimezoea, dawa hainifanyi kitu" linapopotea njia.

Daktari hakuapa kuwa ni dawa, na mimi siapi. Alisema maneno ambayo naweza kuyarudia kama yalivyo: "Siwezi kukuthibitishia. Ila mbegu inatengenezwa kwa siku kama 74. Kaa mbali na dawa miezi sita, ule vizuri, urudi nipime."

Usiku nilikuwa nasoma kwenye simu. Nilisoma habari za kiwanda kimoja California, mji wa Lathrop, mwaka 1977. Wanaume waliokuwa wanatengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongoni, iitwayo DBCP, walianza kuulizana wenyewe kwa nini hakuna anayepata mtoto. Wakapimwa, na wengi walikuwa hawana mbegu au wanazo chache sana. Majaribio ya panya yaliyokwishachapishwa mwaka 1961 yalikuwa yameonyesha korodani zikisinyaa. Marekani ikaipiga marufuku karibu kote mwaka 1979, lakini ilikuwa imepigwa pia kwenye mashamba ya ndizi ya Costa Rica, Honduras na Nikaragua, ambako maelfu ya wanaume waliharibiwa uzazi. Dawa ile ilikuwa inaharibu moja kwa moja chembe zinazotengeneza mbegu, kwa hiyo si ya ukoo wa washenga wa bandia. Lakini kilichonikamata ni kule kuulizana. Wale watu waligundua kwa kuulizana. Ilula tungeulizana lini, wakati kila nyumba isiyo na mtoto tayari ina mwanamke wa kumlaumu?

Nikasoma pia habari za Limpopo, Afrika Kusini, ambako nyumba zilikuwa zinapuliziwa DDT ukutani kuzuia malaria. Watafiti walikuta wavulana waliozaliwa na mama wa vijiji vilivyopuliziwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 33 zaidi wa kuzaliwa na kasoro kwenye njia ya mkojo na uzazi. Hiyo niliisoma haraka, nikaipita. Mimi nilikuwa nashughulika na mbegu za mume wangu. Hizo za watoto niliona hazinihusu, sina mtoto.

Mume wangu aliacha solo. Tukamtafuta kijana wa kupiga dawa kwa malipo. Miaka 19, mtoto wa watu, mchapakazi. Tulifurahi kupata mtu. Sitaki kulipitisha hili kimya kimya: tuliondoa sumu mgongoni kwa mume wangu tukaiweka mgongoni kwa mtoto wa mwenzetu, na solo lilikuwa lile lile linalovuja. Halikutusumbua wakati ule. Tulikuwa tunahesabu siku 74.

Baada ya miezi sita, milioni 11. Daktari akatabasamu. Mwaka 2019 nikashika mimba, na mama mkwe aliposikia alikuja kutoka kwake kwa miguu, akanikumbatia hapo hapo mlangoni, hatukuongea.

Ovaroli ya yule kijana nilikuwa nafua mimi. Alikuwa analala kwetu siku za kupiga dawa, hana mke, na mimi ndiye mama wa nyumba. Nilimfulia kwenye beseni la bluu, mikono mitupu, Jumatano na Jumamosi, mpaka tumbo lilipokuwa kubwa nikashindwa kuinama.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, kilo 3 na nusu. Muuguzi alipomkagua akanyamaza kidogo, akamwita mwenzake. Korodani ya kulia haikuwa mahali pake. Walinituliza: watoto wengi inashuka yenyewe ndani ya miezi sita. Ya kwake haikushuka. Alifanyiwa operesheni akiwa na miezi 11, kwa sababu ikiachwa juu kwenye joto la tumbo inapoteza uwezo wa kutengeneza mbegu, na inaongeza hatari ya saratani ukubwani. Nakumbuka kanzu ya hospitali iliyomzidi, na jinsi alivyokuwa ananyoosha mikono kwangu wakati wanamchukua.

Nilimuuliza daktari wa upasuaji kama ni yale maji ya manjano. Akajibu kama yule wa kwanza, kwamba kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema. Tatizo hili lina sababu nyingi, na watoto wengi wanalo ambao mama zao hawajawahi kuona dawa ya shamba. Lakini aliniambia juu ya Denmark. Huko walifuatilia wanawake waliokuwa wanafanya kazi kwenye mabanda ya kuoteshea maua na mboga wakiwa wajawazito, na watoto wao wa kiume walikuwa na tatizo hili la korodani zaidi ya watoto wengine. Akaniambia pia kwamba kuna majuma ambayo mwili wa mtoto wa kiume unajijenga kuwa wa kiume, kati ya wiki ya 8 na ya 14 hivi, na homoni ikivurugwa hapo, kilichokosekana hakirudi kwa kuacha dawa. Kwa mtu mzima unasubiri siku 74, mbegu nyingine zinakuja. Kwa mtoto aliye tumboni hakuna siku 74.

Wiki ya 8 nilikuwa hata kliniki sijaenda. Nilikuwa nafua.

Nilipomsimulia mama mkwe haya yote, pamoja na ya beseni, hakusema neno. Alitoka nje, akapasha kisu kwenye makaa, akalitoboa lile beseni la bluu matundu mawili katikati, akalitupa kwenye shimo la taka. Hajawahi kuniomba radhi kwa miaka ile sita, na mimi sijamdai. Lile beseni lilinitosha.

Nyumbani mambo yamebadilika, si yote. Tumepunguza dawa. Kwa kantangaze tunatundika mitego yenye harufu ya kuwavuta madume, tunachuma na kufukia majani yaliyochorwa, hatupandi nyanya baada ya viazi mviringo. Nyanya tunazisimamisha kwa miti na kuziachia nafasi upepo upite, na maji tunayaelekeza shinani badala ya kuyanyunyizia majani, maana ukungu unapenda jani lililolowa. Mavuno ya msimu wa kwanza yalishuka, sitaficha. Bado tunapiga dawa tukizidiwa, ila solo ni jipya, mfuniko unakaza, na tunazingatia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nguo za dawa haziingii ndani. Zina beseni lake na kamba yake, zinafuliwa peke yake kwa glavu na maji mengi, mbali na kisima. Anayetoka kupiga dawa anaoga kwanza ndipo amshike mtoto. Chupa tupu tunazisuuza mara tatu na kuzitoboa, maana hapa kwetu mtu anaweza kukuuzia mafuta ya taa kwenye chupa ya sumu bila wasiwasi.

Na nimeacha kufunikia wali kwa mfuko wa plastiki, jambo ambalo mama yangu na mama yake walifanya na mimi nililipenda kwa sababu wali ulikuwa unaiva vizuri. Kuna kemikali za kulainisha plastiki ambazo nazo ni washenga wa bandia, na joto huzitoa kwenye plastiki na kuziingiza kwenye chakula. Natumia sufuria na mfuniko wake, juu naweka makaa.

Yule kijana ameoa. Alihama kwetu, siku hizi anapiga dawa kwa watu kwa kulipwa kwa solo, mashamba hata manne kwa siku. Nilikuwa nimemweleza yote, alinisikiliza kwa heshima kama ilivyo kawaida yake, na mwisho alisema, "Sawa mama, lakini nikiacha nitakula nini?" Sikuwa na jibu. Mume wangu alimnunulia mabuti na suti ya mpira, anaivaa asubuhi, jua likipanda anaivua.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake na beseni jipya jekundu. Nilikuwa nimeandika DAWA pande zote mbili kwa msumari wa moto. Mkewe nilimkuta nyuma ya nyumba ameinama anafua, binti mdogo hata miaka 20 hajafika, ananiamkia "Shikamoo mama" huku anapangusa povu mikononi. Maji yalikuwa ya manjano.

Nikamuuliza anaendeleaje. Akacheka, akatazama chini, akasema siku zake amezikosa mara mbili, ila kliniki bado hajaenda.

Nilimtoa pale taratibu, nikamkalisha kwenye kizingiti na kumpa mwanangu amshike. Nikavaa glavu zangu. Ile ovaroli niliihamishia kwenye beseni jekundu, nikaomba ndoo ya maji, nikafua mimi.